UZI: Magari yakianza kuongea, sisi wa Wi-Fi tutahamia wapi?

FundiLanet
Jumanne, saa 3:20 usiku

Wadau, habari za jioni. Mimi nasambaza intaneti ya dishi hapa Nakuru, kampuni ya mtu mmoja na nusu. Hiyo nusu ni mdogo wangu anayenishikia ngazi.

Jumapili mzee mmoja mteja wangu wa Lanet aliniita kwa jambo lisilohusu Wi-Fi hata kidogo. Ameagiza gari kutoka Japani. "Kijana, wewe si ni mtu wa mawimbi? Hebu niambie huyu mama ananiambia nini kila nikiwasha gari." Nyote mnamjua huyo mama. Unawasha, anakusemesha Kijapani kwa adabu zote, halafu ananyamaza.

Nikamweleza kwamba anamkumbusha hajaingiza kadi ya kulipia barabara. Kule kwao kuna mfumo unaitwa ETC, ulianza kuenea nchi nzima 2001. Gari linapita kwenye kituo cha malipo bila kusimama, linaongea na antena iliyo juu ya barabara, pesa inakatwa. Mzee akacheka: basi huyo mama atangoja sana.

Mimi nilicheka hadi nilipofika nyumbani nikatafuta kile kifaa kinatumia masafa gani. Gigahezi 5.8. Wadau, 5.8 ndiyo shamba langu! Ndiko ninakolima, ndiko ninakolipia karo. Nikaendelea kusoma. Kumbe Marekani walitenga megahezi 75 kwa ajili ya magari kuongea na magari, toka 5.850 hadi 5.925, tangu 1999, halafu 2020 wakageuka wakachukua 45 za chini wakawapa watu wa Wi-Fi, magari yakabaki na 30 za juu.

Sasa maswali yangu mawili. Kwanza, haya mambo yakifika huku, sisi wadogo tutasukumwa? Pili, na hili naliuliza kwa nia njema: hapa Nakuru sijui gari hata moja linaloongea na lingine. Nikipiga skani saa mbili usiku, kila chaneli ya 5.8 ina mtu ndani. Ukivuka 5.875 kuko kimya kama uwanja wa maonyesho siku ya Jumatatu. Mtu akisogea huko juu kidogo, anaiba cha nani?

KelelePunguza
Jumanne, saa 3:31 usiku

Mleta uzi, unauliza au unatubu?

NyanzaNet
Jumanne, saa 3:48 usiku

Kaka, mimi niko Kisumu, kazi yangu ni hiyohiyo yako. Usiogope. Shamba lisilolimwa miaka 20 lina mwenyewe gani? Hao Marekani wenyewe ndio waliosema magari yamekalia masafa bila kuyatumia. Na Machi 2020, watu walipofungiwa majumbani, tume yao ya mawasiliano, FCC, iliwapa ruhusa makampuni 33 madogo ya intaneti ya vijijini, watu kama mimi na wewe, watumie hizo megahezi 45 hata kabla ya sheria kubadilishwa. Kuna mtu aligongwa na gari kwa sababu hiyo? Sijasikia.

MwlFizikia_Kakamega
Jumanne, saa 4:15 usiku

NyanzaNet, hao 33 walipewa barua, yenye tarehe ya kwisha. FundiLanet ana nini, menyu ya redio yake ya kuchagua nchi?

Lakini swali ni zuri, niruhusuni niandike kirefu maana shule zimefungwa.

Kwanza huyo mama wa Kijapani muacheni. Kile kifaa hakirushi kitu hewani hadi kiitwe na antena ya barabarani, na huku hakuna wa kukiita. Anaongea kwa spika tu, redioni ni bubu.

Pili, watu wengi wanadhani kugawana masafa ni kama kugawana shamba: weka kigingi, huku kwako, huku kwangu. Wi-Fi haikujengwa hivyo. Wi-Fi ni kama wazee barazani, unasikiliza kwanza; kama kuna anayesema unangoja, akinyamaza unahesabu kidogo ndipo unasema. Ndiyo maana ruta kumi za ploti moja zinaishi pamoja, kwa taabu, lakini zinaishi.

Mfumo wa kwanza wa magari, ule wa DSRC, ulitoka tumbo lilelile. Kiwango chake kilipitishwa 2010, kinaitwa 802.11p, na ukikifungua ni Wi-Fi iliyopunguzwa mwendo: chaneli ya megahezi 10 badala ya 20, ili kila alama ikae hewani mara mbili zaidi na mwangwi wa majengo na malori usiivuruge. Tena hakuna nenosiri wala kuunganishwa. Gari linatangaza tu, mara 10 kwa sekunde: niko hapa, naenda huku, kasi yangu ni hii, nimekanyaga breki.

Sasa mtasema, kama ni ndugu wa tumbo moja si wasikilizane? Hapo ndipo penye uchungu. Ruta ya kawaida iliyokaa kwenye chaneli ya 20 haitambui mwanzo wa ujumbe wa chaneli ya 10. Ikimtambua Wi-Fi mwenzake, inamheshimu hata akinong'ona, kwenye desibeli 82 chini ya miliwati moja. Isiyemtambua inamhesabu kuwa kelele tu, na kelele hainyamaziwi hadi ifike 62. Tofauti ya 20 hapo ni mara 100 kwa nguvu. Yaani gari lazima lipige kelele mara 100 zaidi ndipo ruta iseme, "Aa, kumbe kuna mtu."

Wahandisi walikaa na hili tangu 2013. Cisco walipendekeza ruta ifundishwe kutambua ule ujumbe wa 10 na ikiusikia ihame bendi nzima kwa muda. Qualcomm wakasema hapana, mambo ya usalama yasogezwe juu kwenye 30 za mwisho, chini wagawane. Walibishana miaka. Mwisho ukiangalia uamuzi wa 2020, ni kigingi kilekile cha shamba. Baada ya hesabu zote hizo, walipima wakakata.

Mkuu_wa_Ziwa
Jumanne, saa 4:22 usiku

Nawasoma kutoka Mwanza. Mkuu kwa nini usivute faiba tu?

FundiLanet
Jumanne, saa 4:30 usiku

Mkuu_wa_Ziwa, nguzo ni za watu, na kila nguzo ina kodi yake. Wateja 60 hawalipii hiyo.

Mwalimu, asante. Swali dogo: kungoja si ni sehemu ndogo ya sekunde tu? Pakiti ya Wi-Fi inakaa hewani muda gani?

MwlFizikia_Kakamega
Jumanne, saa 4:44 usiku

Ile ndefu kabisa, milisekunde tano na ushee. Peke yake haimdhuru mtu. Lori kwa kilomita 80 kwa saa linakula mita 22 kila sekunde, kwa hiyo kati ya ujumbe na ujumbe limesonga mita 2.2. Ukipotea mmoja, si neno. Shida ni saa zako za jioni, pakiti zikifuatana bila pumzi na zinatoka dishini kwa mtu asiyelisikia lile gari. Hapo hupotea saba, nane mfululizo. Wewe filamu yako ikichelewa sekunde moja inazunguka kidogo kisha inaendelea. Habari ya breki ikichelewa sekunde moja ni habari ya jana.

DereSalgaa
Jumatano, saa 12:05 asubuhi

Nimesoma hapa nikingoja abiria stejini, mkaniona mjinga kidogo lakini nimeelewa. Niseme ya kwangu.

Nyinyi mnasema magari hayaongei. Yanaongea sana! Miaka 14 niko Nakuru–Eldoret. Wa mbele akikupigia taa mara mbili unajua kuna kitu. Indiketa ya kulia ya lori linalopanda, wengine wanamaanisha usipite, wengine wanamaanisha pita. Lori likikwama bila zile pembetatu, turnboi anakata matawi anayatandaza lami nyuma yake mita thelathini, hamsini. Ukiona majani mabichi barabarani, punguza, usiulize.

Sasa kuna usiku mmoja ukungu wa Mau Summit, si mnaujua, unaendesha ukiangalia mstari tu. Nikapigiwa taa na trela linalokuja. Mimi nikafikiri ni polisi. Nilichofanya ni kumwambia konda awaambie watu wafunge mikanda, mwendo sikupunguza maana sikuwa na makosa ya mwendo. Mita mia mbili mbele, lori limelala njia yangu, halina taa. Nilipita kwa changarawe upande wa kushoto, kioo cha pembeni kikabaki hapo. Yule mtu aliniambia ukweli. Mimi ndiye nilisikia lugha nyingine.

Kwa hiyo swali langu kwa mwalimu: hizo redio za magari zote zinaongea lugha moja?

MwlFizikia_Kakamega
Jumatano, saa 2:10 asubuhi

Dere, umegonga msumari bila kuangalia.

Hapana, si moja. Kuna ile DSRC niliyoeleza, na kuna nyingine iliyotoka upande wa simu, inaitwa C-V2X, viwango vyake vilitoka 2017. Hiyo haisubiri barazani. Inapanga zamu mapema, kila gari linajiwekea nafasi yake na saa linachukua kwa setilaiti. Ukiziweka mbili kwenye chaneli moja, kila moja inamuona mwenzake ni kelele. Trela lako na matatu yako, zote zina redio, zote mpya, na hazielewani.

Marekani walichagua C-V2X mwaka uleule wa 2020, na Novemba 2024 wakapitisha kanuni za mwisho, DSRC ikapewa muda wa kufungasha. Wenye magari ya Cadillac ya 2017 yaliyotoka kiwandani na DSRC, pole yao. Ulaya nao walitenga megahezi 30 mwaka 2008, toka 5.875, na 2020 wakapandisha hadi 5.925, badala ya kupunguza kama Wamarekani. Volkswagen waliweka aina ya Wi-Fi ndani ya Golf ya nane. Japani ndio kabisa: ya kuzuia ajali waliiweka megahezi 760, Toyota wakaanza nayo kwenye Crown 2015.

KelelePunguza
Jumatano, saa 2:25 asubuhi

760? Huku kwetu masafa ya 700 si ndiyo yaliyochukuliwa kutoka kwa televisheni ilipozimwa analogia 2015, yakapelekwa kwa simu?

MwlFizikia_Kakamega
Jumatano, saa 2:33 asubuhi

Ndiyo hayo. Na sisi magari yetu mengi ni ya Japani, yasiyozidi miaka 8 yanapoingia nchini. Fanya hesabu, Crown za namna hiyo zinaweza kuwa zimeshashuka Mombasa. Linaongea lugha ya kwao, kwenye masafa ambayo hapa ni ya watu wa simu, na hakuna wa kulijibu.

Hili si geni kwenu. Mbona kila gari la Japani tunalifungia ekspanda ya redio? Kwa sababu FM yao inaanzia 76 na redio nyingi zinagota 90, wakati stesheni zetu ziko hadi 108. Ekspanda ya FM unainunua dukani Nakuru mjini ukifungiwa papo hapo. Ekspanda ya breki bado sijaiona.

NyamasariaTuktuk
Jumatano, saa 4:50 asubuhi

Mimi tuktuk yangu haina hata geji ya mafuta inayofanya kazi, nachungulia kwa kijiti. Nitaongea na nani? Na ng'ombe wa Ahero wanaovuka saa kumi na moja jioni mtawafunga redio shingoni?

MamaSukuma_Londiani
Jumatano, saa 7:15 mchana

Watoto wangu mnaongea vizuri, lakini niwaulize kitu. Mimi nauza mboga Londiani Junction. Tarehe 30 Juni 2023 lori liliacha barabara likatuingilia sisi tuliokuwa pembeni, wachuuzi, bodaboda, watu waliokuwa wanangoja gari. Walikufa watu zaidi ya hamsini. Siku hiyo nilikuwa nimeenda kwa mazishi nyumbani, ndiyo niko hapa naandika.

Hilo lori lingekuwa na redio, lingemwambia nani? Mimi nina mulika mwizi. Meza yangu haina antena.

DereSalgaa
Jumatano, saa 7:40 mchana

Pole mama. Hapo sina la kusema.

MwlFizikia_Kakamega
Jumatano, saa 8:20 mchana

Pole sana mama. Nikujibu kwa heshima bila kukudanganya. Mfumo huu unasaidia wenye redio. Lori lililoshindwa breki juu mlimani lingeweza kuyatahadharisha magari yaliyo chini nusu kilomita, na kama pale njia panda pangefungwa kifaa cha barabarani chenye king'ora, nawe ungesikia king'ora. Lakini king'ora hicho lazima mtu akinunue, akifunge na akitunze. Masafa peke yake hayapigi kelele.

NyanzaNet
Jumatano, saa 8:31 mchana

Ahsante mwalimu, umenisaidia hoja. Walio hatarini hawana redio, wenye redio hawapo. Basi hizo megahezi zifanye nini, zikae zioze? Mtoto wa Muhoroni anahitaji intaneti leo. Mnakumbuka Nanyuki 2013, Microsoft na Mawingu walitumia masafa matupu ya televisheni kupeleka intaneti shuleni, na hakuna televisheni iliyoharibika. Kushirikiana kunawezekana.

MwlFizikia_Kakamega
Jumatano, saa 9:05 alasiri

Kaka, mfano wa Nanyuki ni mzuri na ndio unaokushinda. Kule kifaa kinauliza orodha: nikiwa hapa, chaneli gani ni tupu? Orodha inajibu, na jibu ni lilelile leo na kesho, kwa sababu mnara wa televisheni haukimbii. Gari halimo kwenye orodha. Lilikuwa Gilgil, sasa liko Free Area hapo Nakuru, muda si mrefu baadaye liko Njoro.

Na kuhusu kuoza: masafa hayaozi. Mahindi huoza. Ukiyaacha bure miaka mitano, mwaka wa sita utayakuta vilevile. Ila ukishafunga dishi elfu moja juu ya mapaa kutoka Naivasha hadi Busia, jaribu kuziteremsha. Hata Wamarekani walipowapa Wi-Fi zile 45, walianza na vifaa vya ndani ya nyumba. Vya nje vilingojeshwa. Wewe na FundiLanet mko nje, juu ya paa, tena mmeelekeza mawimbi moja kwa moja.

FundiLanet
Jumatano, saa 3:55 usiku

Sawa. KelelePunguza aliuliza siku ya kwanza, nilimkwepa.

Kiungo changu cha Free Area kwenda Lanet kiko 5.885 tangu Machi. Redio ilikuwa inanikatalia, nikabadilisha nchi kwenye menyu, nikachagua moja isiyo na masharti. Nacho kinavuka juu ya barabara kuu ya Nairobi. Nimekuwa nikijiambia hakuna wa kumuudhi, na kwa kweli hadi leo hakuna. Ila Mamlaka ya Mawasiliano ndiyo inayogawa masafa nchini, na mimi huko hawajanigawia. Basi nimesema.

Lakini jamani, nikishuka 5.8 wateja watanihama. Jioni kule ni soko la Wakulima.

MashineKilimani
Jumatano, saa 4:20 usiku

Mimi husoma tu, leo niandike. Nilifanya kazi ya minara kabla sijastaafu. FundiLanet, kwenye ghorofa ulikofunga hicho kiungo una redio ngapi?

FundiLanet
Jumatano, saa 4:24 usiku

Tano, mzee wangu. Tatu za kusambaza, mbili za viungo.

MashineKilimani
Jumatano, saa 4:41 usiku

Zimeachana umbali gani?

Usinijibu. Fanya hivi: Jumamosi alfajiri, wateja wamelala, zima zote, bakiza moja ya kusikiliza tu. Piga skani. Andika kwenye karatasi. Halafu washa moja moja, kila ukiwasha piga skani tena. Watu hawapendi kulifanya kwa sababu inabidi kuzima. Ukimaliza, rudi hapa.

Msimamizi
Alhamisi, saa 2:00 asubuhi

Nimefuta maoni manne ya matusi kuhusu siasa za kaunti. Uzi ni wa masafa.

Mkuu_wa_Ziwa
Alhamisi, saa 3:12 asubuhi

Wakuu hii elimu ya bure. Nafuatilia hadi Jumamosi.

FundiLanet
Jumamosi, saa 5:30 asubuhi

Nimeshuka sasa hivi, mikono bado ina kutu ya mlingoti.

Nilizima saa kumi na moja alfajiri, baridi ya Menengai inakata masikio. Redio moja ikasikiliza. Nikajua itakuwa afadhali kwa sababu ni alfajiri, lakini si vile. Kati ya 5.735 na 5.835, chaneli zilizokuwa nyekundu kila siku, tatu zilikuwa karibu tupu. Nikawasha ya kwanza. Ikapanda kidogo. Nikawasha ya pili, ile inayotazama mtaa wa White House, na chaneli mbili zikawa nyekundu palepale. Mdogo wangu akasema, "Kaka, hiyo si sisi?"

Ni sisi. Ile ya pili na kiungo cha Lanet zimefungwa kwenye bomba moja, hazijaachana hata nusu mita, na dishi la Lanet ni la bei rahisi, halina ukuta wa pembeni, linasikia nyuma kama linavyosikia mbele. Nimekuwa nikikimbia kelele yangu mwenyewe hadi 5.9.

Nimerudisha nchi kuwa Kenya. Kiungo kiko 5.765, chaneli nimeipunguza upana kutoka megahezi 40 hadi 20, dishi nimelisogeza upande wa pili wa tangi la maji ili tangi likinge. Kasi ilikuwa 74, sasa ni 41. Jioni ndiyo itasema. Mzee wa Lanet ameshanipigia kuuliza mbona usiku intaneti ilipotea, nikamwambia ni matengenezo. Akasema sawa, lakini yule mama bado anaongea.

MashineKilimani
Jumamosi, saa 5:52 asubuhi

41 safi ni bora kuliko 74 inayoruka. Nunua dishi lenye ukuta ukipata pesa, na shusha nguvu ya ile ya White House.

NyanzaNet
Jumamosi, saa 6:10 mchana

Mimi nina redio nane juu ya tangi moja hapa Mamboleo. Sasa naogopa kuzima.